Kabla ya kuihama Lambda, jaribu SnapStart
Ndugu, umeuliza kama uitoe programu yako ya Java kwenye Lambda (huduma ya AWS, kitengo cha wingu cha Amazon, inayoendesha msimbo bila wewe kusimamia seva) na kuihamishia kwenye seva ya kawaida, kwa kuwa ombi la kwanza huchelewa sekunde kadhaa. Usihame bado. AWS walileta SnapStart Novemba 2022: unapochapisha toleo, programu huanzishwa, kumbukumbu yake hupigwa picha, kisha huamshwa kutoka kwenye picha hiyo badala ya kuanzishwa upya. Kwenye $LATEST, yaani nakala ya kazi ambayo bado hujaichapisha kama toleo, haifanyi kazi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Tafadhali kagua sana msimbo wa kuanzia. Ukizalisha namba ya nasibu pale, kila nakala itaamka na namba ileile. Muunganisho wa hifadhidata nao unaweza kuwa umeshakufa. Namba izalishe ombi linapofika, na muunganisho uukague upya. SnapStart ya programu za Python na .NET ilifuata Novemba 2024, ila huko hulipiwa.