Pachi niitume kwa fomati gani?

SWALI: Habari kaka. Nimekuta kosa dogo kwenye draiva moja ya keneli ya Linux (kile kiini cha mfumo), nikalirekebisha mwenyewe na laptopu yangu imetulia. Sasa nataka niwatumie wenyewe pachi, yaani faili la mabadiliko niliyofanya. Nikipiga diff, ile amri ya kulinganisha faili la zamani na jipya, inanitolea alama za < na > tupu, jamaa mmoja ananiambia weka -c, mwingine -u, mwingine anasema git, ile programu ya kutunza historia ya kodi. Nishike lipi? Na naweza kuizipu nikaambatisha?

JIBU: Salama mdogo wangu, na hongera, wengi huwa wanarekebisha wanakaa nayo tu.

Hiyo diff ya alama za < na > achana nayo kabisa. Inataja namba za mistari bila kuonyesha mistari ya jirani, sasa mwenzio akiongeza mistari kumi hapo juu, pachi yako haijui tena ijishikize wapi. Ya -c ina majirani ila ni ndefu, inaandika kipande cha zamani chote halafu cha sasa chote, macho yanapanda na kushuka kulinganisha. Wale wa mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL waliipenda miaka mingi. Ya -u inachanganya vyote pamoja, kilichotoka kina - na kilichoingia kina +, na majirani watatu juu watatu chini. Imekuja 1990, miaka mitano baada ya Larry Wall kutoa patch, programu ya kuingiza mabadiliko ya diff kwenye faili, na leo karibu kila mradi unataka hiyo.

Ila kwa keneli usitume diff kavu. Fanya komiti (yahifadhi mabadiliko kwenye git), halafu `git format-patch -1 -s`. Hapo ndani diff ni ileile ya -u, lakini juu yake kuna jina lako, imeili, maelezo ya kwa nini umebadilisha, na ule mstari wa Signed-off-by, wa kuthibitisha una haki ya kuitoa hiyo kodi, ambao bila huo hawapokei. Yule jamaa wa git na wa -u wote walikuwa sawa, walikuwa wanabishana bure.

Zipu hapana! Wanataka pachi iwe maandishi ya kawaida ndani ya imeili yenyewe, maana mtu anakujibu mstari kwa mstari, sasa kwenye zipu atanukuu nini? Na usikopi ukapesti kwenye imeili ya brauza. Mimi yalinikuta, keneli inatumia tabu na ile imeili ikazigeuza zote kuwa nafasi, nikaambiwa pachi haiingii nikabaki nashangaa mbona kwangu inaingia (tabu kweli, jina limeisadifu). Tumia `git send-email`.

Kabla hujatuma ikague pachi kwa `scripts/checkpatch.pl` iliyomo kwenye kodi ya keneli, na `scripts/get_maintainer.pl` itakwambia umpelekee nani. Halafu jitumie mwenyewe kwanza, ihifadhi ilivyofika, ijaribu kwa `git am` (inaingiza pachi iliyokuja kwa imeili) kwenye nakala safi ya kodi. Ikiingia, tuma. Wakikurudisha, na watakurudisha tu, rekebisha utoe upya kwa kuongeza -v2 kwenye `git format-patch`.