Bomba la milimita 600 na bado maji yanafurika

Pole kwa mafuriko. Mmeeleza kwamba mtaa wenu ni hekta 2, bomba la maji ya mvua ni la zege, kipenyo milimita 600, na sasa mnataka kufukua mweke la 900. Msifukue kabla ya kupima mteremko.

Kwa mvua ya milimita 90 kwa saa, na sehemu kubwa ikiwa paa na lami (kigezo 0.8, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi; 360 hugeuza vipimo kuwa mita za ujazo kwa sekunde): 2 × 0.8 × 90 ÷ 360 = mita za ujazo 0.4, yaani lita 400 kwa sekunde. Bomba hilo likilazwa 1:200 (kushuka mita 1 kila mita 200) hupitisha takriban lita 430 kwa sekunde, linatosha. Kwa 1:500, lita 275 tu, halitoshi.

Kisha funueni chemba (shimo la ukaguzi) ya chini mmulike tochi. Mchanga umejaa? Zibueni kwanza, ila asiingie mtu, hewa ya humo huua. Mkibadilisha bomba, mhandisi akague mabomba ya mbele yanakoelekea maji. La 900 likimwaga kwenye la 600, mafuriko yatahamia kwa jirani.