Hita ya Umeme Penye Mvuke wa Thina: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kuunganisha Waya

Baridi ya Julai inapoingia Nairobi, viwanda vya rangi, gundi na vanishi vilivyoko Eneo la Viwanda na kando ya Barabara ya Mombasa huanza kulalamika kwamba rezini imekuwa nzito na pampu zinalemewa. Hapo ndipo fundi wa umeme hupigiwa simu aje kufunga hita kwenye tangi au ndani ya godauni, kwa haraka, na mara nyingi mahali pale pale ambapo madumu ya thina hufunguliwa mchana kutwa. Nimefanya kazi za namna hii kwa miaka mingi, na ushauri wangu wote hapa umesimama juu ya jambo moja: hita haihitaji cheche ili iwashe moto.

Sisi mafundi tumefunzwa kuogopa cheche, na kwa swichi, taa au mota hofu hiyo inatosha kutufikisha mbali. Hita ni kifaa cha namna nyingine, kwa sababu joto lenyewe ndilo kazi yake. Kila kimiminika kinachotoa mvuke unaowaka kina kiwango cha joto ambacho mvuke huo, ukishachanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, hujiwasha wenyewe kwa kugusa tu kitu chenye moto. Mvuke wa asetoni huhitaji zaidi ya nyuzi 450 za Selsiasi, wa ethanoli huhitaji takriban 360, na wa etha unaridhika na nyuzi 160 hivi. Elementi ya hita, yaani ile sehemu yake inayotoa joto, ikiachwa wazi hewani bila kimiminika cha kuipoza, hupita nyuzi 500 kwa urahisi. Kwa hiyo fundi anayefunga sanduku madhubuti lisilopitisha cheche, kisha akasahau elementi iliyoko upande wa pili wa sanduku hilo, ameifanya nusu ya kazi tu.

Swali la kwanza la kumuuliza mwenye kiwanda ni kama hita ni lazima iwe hapo. Viwango vya kimataifa vya IEC 60079, vinavyohusu vifaa vya umeme penye hatari ya mlipuko, hugawa maeneo yenye gesi na mvuke katika kanda tatu: Kanda ya 0, ambamo mchanganyiko unaoweza kulipuka upo daima au kwa muda mrefu; Kanda ya 1, ambamo unaweza kutokea mara kwa mara katika kazi ya kawaida; na Kanda ya 2, ambamo hautarajiwi, na ukitokea hukaa kwa muda mfupi. Nafasi iliyo juu ya kimiminika ndani ya tangi la thina kwa kawaida ni Kanda ya 0, na hapo sipeleki hita ya umeme. Ninachopendekeza, pale ambapo mteja yuko tayari kunisikiliza, ni kuchemsha maji au mafuta maalumu katika chumba kilicho mbali, nje ya kanda zote, kisha kuyazungusha kwa mabomba kuzunguka tangi. Gharama ya mabomba huonekana kubwa siku ya kwanza, lakini hita ya kawaida iliyoko chumba salama ni rahisi kununua na kutengeneza, nayo haihitaji vibali vingi kila inapoguswa.

Ramani ya kanda si kazi ya fundi kuikisia kwa pua. Inapaswa kuchorwa na mtu mwenye ujuzi wa kemikali za kiwanda hicho na uingizaji hewa wake, na fundi aipewe mkononi kabla ya kununua hata mita moja ya kebo. Mvuke wa tolueni ni mzito kuliko hewa karibu mara tatu, hivyo hauendi darini kama wengi wanavyodhani, bali hutiririka sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na mifereji ya kebo. Nimewahi kuona mfereji uliotoka chumba cha kuchanganyia rangi hadi chumba cha swichi bila kuzibwa popote, na hivyo chumba kilichoitwa salama kwenye mchoro kilikuwa kinanuka thina kila asubuhi. Mifereji ya namna hiyo hujazwa mchanga au huzibwa ukutani kwa vifaa vilivyokusudiwa kazi hiyo. Wenye viwanda vya unga nao wasijione wamesalimika, kwa kuwa vumbi lina kanda zake, za 20, 21 na 22, na vumbi lililolala juu ya hita huziba joto na kuungua polepole kabla mtu hajaona moshi.

Ukishajua kanda, soma kibao cha hita kabla ya kusoma bei. Hapa kosa la kawaida la soko letu ni kuchukua sanduku lisiloingiza maji kana kwamba ni sanduku la maeneo hatari. Muuzaji hukuonyesha alama ya IP66 kwa fahari, ilhali alama hiyo inazungumzia maji na vumbi tu. Unachotafuta ni alama ya Ex, inayoonyesha kifaa kimeundwa kwa maeneo yenye hatari ya mlipuko, pamoja na namba ya cheti, kundi la gesi na daraja la joto. Makundi ya gesi huenda kutoka IIA, lenye propani, hadi IIC, lenye haidrojeni na asetilini. Madaraja ya joto huonyesha nyuzi ambazo sehemu yoyote ya hita inayofikiwa na mvuke haitazipita: T1 ni 450, T2 ni 300, T3 ni 200, T4 ni 135, T5 ni 100 na T6 ni 85. Vitu hivi viwili havifuatani. Haidrojeni iko katika kundi kali kuliko yote, lakini kwa joto inatosheka na T1, huku etha, iliyo katika kundi la kati, IIB, ikidai T4. Namba ya cheti ikiishia kwa herufi X, usiifungue pakiti kabla ya kukisoma cheti chenyewe, kwa maana herufi hiyo inasema kuna masharti maalumu ya matumizi, na kwa hita masharti hayo mara nyingi huhusu jinsi ya kudhibiti joto.

Kuna jambo la jiji letu ambalo vitabu vya watengenezaji havilitaji. Vifaa hivi hupimwa kwa kuchukulia shinikizo la hewa la kati ya kilopaskali 80 na 110. Nairobi, kwa mwinuko wake wa takriban mita 1,700, iko karibu na 83, yaani tumo ndani kwa nafasi ndogo. Ukipanda Limuru, ambako ni zaidi ya mita 2,000, umetoka nje ya kiwango hicho, na hewa nyepesi hupoza kifaa kidogo kuliko hewa ya pwani. Kwa kazi ya huko, mwombe mtengenezaji kibali cha maandishi.

Sasa volti, ambazo naona zinapuuzwa kuliko jambo lolote. Umeme wetu wa fezi tatu ni volti 415. Hita nyingi zinazoletwa kutoka China zimeandikwa 380, na watu huziunganisha kwa sababu zinawaka. Nguvu ya hita hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo hita ya kilowati 15 iliyoundwa kwa volti 380 itatoa karibu kilowati 18 kwa volti 415. Mkondo wake utapanda kutoka ampea 23 hadi 25 hivi, na breka ya ampea 32 haitagundua chochote. Daraja la joto kwenye kibao hupimwa kwa kuruhusu volti zipande takriban asilimia 10 juu ya zilizoandikwa, nawe umekwisha kutumia zaidi ya 9 kabla ya usiku kufika, wakati majirani wanapozima mashine na volti za mtaa kupanda. Hita ya Marekani ya volti 480 ina kinyume chake: kwa 415 itatoa robo tatu tu ya nguvu yake, jambo lisilo hatari lakini litakalomfanya mteja alalamike kuwa tangi halipati joto.

Kosa kubwa zaidi la aina hii ni kuchanganya nyota (elementi tatu zikikutana mahali pamoja) na delta (kila elementi ikiwa kati ya fezi mbili). Chukua elementi tatu za kilowati 6, kila moja ikiwa imeundwa kwa volti 240. Zikiunganishwa kwa nyota, zitatoa jumla ya kilowati 18. Ukizihamishia delta kwa kupanga vibaya vile vipande vya shaba kwenye teminali, kila elementi itapata volti 415, na jumla itakaribia kilowati 54. Breka nzuri itakata, lakini kabla haijakata uso wa elementi utakuwa umeshapita daraja lililoandikwa. Pima ukinzani kati ya fezi na fezi kabla ya kuwasha, na uulinganishe na hesabu yako: kwa mfano huu wa nyota utasoma omu 19 hivi, na kwa delta utasoma takriban 6.4.

Kwa kebo, kumbuka kwamba joto la elementi husafiri hadi kwenye sanduku la teminali. Waya wa kawaida wa PVC umeundwa kwa nyuzi 70, na mahali pa kuingilia pakizidi hapo, kibao cha kifaa hutaja kebo inayohitajika; fuata maneno hayo hata kama kebo ya silikoni inabidi iagizwe. Glandi, yaani kifaa kinachoishika kebo inapoingia sandukuni, nayo iwe na cheti cha aina ile ile ya kinga iliyomo kwenye sanduku. Katika sanduku la Ex d, ambalo hukubali mlipuko utokee ndani na kuupoza moto unapopita kwenye viungo vyake, thredi zisizopungua tano zishikane kikamilifu, na matundu yasiyotumika yazibwe kwa vizibo vyenye cheti. Bolti zote za kifuniko zirudi, za chuma cha daraja lile lile. Nimefungua sanduku ambalo bolti moja ilikuwa imepotea na flanji, yaani kingo ambapo kifuniko hukutana na sanduku, kupakwa silikoni ya dirisha ili maji ya mvua yasiingie. Yule aliyefanya hivyo alidhani anasaidia, kumbe njia ile nyembamba kati ya flanji mbili ndiyo inayopoza moto, na haipaswi kupakwa rangi wala gundi, isipokuwa grisi isiyoganda ambayo mtengenezaji ameikubali. Usiweke bomba wala ukuta karibu na flanji hiyo: nafasi inayodaiwa ni milimita 10 kwa kundi IIA, 30 kwa IIB na 40 kwa IIC.

Waya wa ardhi uunganishwe ndani na nje ya sanduku, na tangi na mabomba yaunganishwe nao. Ongeza swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, isiyozidi miliampea 100, na bora ziwe 30. Elementi inayooza huanza kwa kuvuja kidogo ambako breka ya kawaida haikuoni, na pale inapovuja ndipo ganda lake hupata doa la moto.

Thamostati huhesabiwa na wengi kuwa ulinzi, ingawa kazi yake ni kuendesha mchakato tu. Ikikwama, au kontakta yake, yaani swichi inayowasha na kuzima umeme wa hita, ikigandana kwa joto la mkondo, hita itaendelea kuwaka. Kwa hiyo lazima kuwe na kikata joto cha pili, chenye kihisio chake kwenye ganda la elementi na kontakta yake peke yake, ambacho kikishakata hakirudi mpaka mtu aende kukirudisha kwa mkono. Kwa hita ya kuzamishwa, weka pia swichi ya kina inayozima umeme kabla kimiminika hakijashuka na kuacha elementi wazi. Bila vitu hivi viwili, daraja la joto kwenye kibao halina maana, kwa kuwa ahadi yake mara nyingi imetegemea kuwepo kwavyo. Kabati la kontakta na breka zote likae nje ya kanda.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, pima insulesheni, yaani uwezo wa kuzuia umeme usivuje, kwa mega (kipimo cha kazi hiyo) ya volti 500. Unga wa magnesiamu oksaidi ulio ndani ya elementi hunyonya unyevu, na hita iliyolala bandarini na godauni kwa miezi inaweza kusoma chini ya megaomu moja. Hiyo hukaushwa polepole kwa moto mdogo, mahali salama, kisha hupimwa tena. Mega yenyewe hutoa volti za kutosha kuleta cheche, hivyo kupima kufanywe baada ya kipima gesi kuonyesha hakuna mvuke, kwa kibali cha kazi kilichotiwa saini, na swichi kuu ikiwa imefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwako. Hata umeme ukizimwa, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, kwa sababu elementi hubaki na joto baada ya mkondo kukatika.

Kwa upande wa sheria, kazi ya umeme nchini hufanywa na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, na leseni hizo zina madaraja. Hakikisha lako linafika kwenye ukubwa wa kazi uliyopewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa mahali pa kazi, lakini mkaguzi akija ataomba karatasi: ramani ya kanda, vyeti vya vifaa, vipimo vya siku ya kwanza na kumbukumbu za ukaguzi. Kwa mujibu wa IEC 60079-17, ukaguzi wa vipindi usipitishe miaka mitatu bila ushauri wa mtaalamu. Kwa hita iliyo mahali pa vumbi na mtikisiko mimi hupanga kila mwaka, kabla ya baridi.

Ninapokabidhi kazi, huketi na msimamizi wa zamu ya usiku, hata kama aliyenilipa ni meneja wa mchana, kwani kikata joto hukata usiku na yeye ndiye atakayeshinikizwa kukirudisha ili kazi isisimame. Ufunguo wa kabati hubaki kwa fundi wa kiwanda, na kwenye mlango hubandikwa karatasi ya Kiswahili inayosema kwamba kikata joto kikikata, tangi liangaliwe kina, jina la aliyeangalia liandikwe, na hita ibaki imezimwa hadi fundi afike na kujua kilichosababisha.