Biashara ikiyumba, usizime simu

Januari 2024 nilizima simu siku tisa. Nilikuwa na fremu ya ushonaji Tandika, Dar es Salaam, cherehani mbili za umeme, ovaloki moja, msaidizi mmoja, na nguo za wateja 14 ambazo zilikuwa hazijaisha. Alhamisi jioni nilifunga kufuli, nikapanda daladala kurudi nyumbani Buza, nikatoa laini kwenye simu nikaificha chini ya godoro. Watoto niliwaambia mama anaumwa. Haikuwa uongo mtupu, maana usingizi ulishanikimbia tangu Desemba, na chakula nilikuwa nakisukuma tu kwa maji.

Wiki iliyopita binti mmoja anayeuza vipodozi jirani na fremu yangu aliniuliza, "Dada, wewe unapata wapi moyo wa kuendelea?" Nilimjibu haraka haraka kwa kuwa nilikuwa na mteja. Jibu lile halikunitosha, na nadhani halikumtosha na yeye. Hili ndilo jibu lenyewe.

Nianze na nilivyofika kwenye lile godoro. Aprili 2023 serikali ilisimamisha ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ili utaratibu wake upangwe upya. Kikundi chetu cha akina mama sita kilikuwa kimeshakusanya makaratasi yote. Mikopo ile haina riba, ndiyo maana tulikuwa tumeiwekea matumaini. Iliposimama, wenzangu watano walirudi kwenye kijumbe, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi msimu wa sare za shule, nikaenda kwenye mikopo ya chapchap, hii tunayoiita kausha damu. Nilichukua 1,500,000 mwanzoni mwa Septemba ninunue cherehani za umeme. Marejesho 90,000 kila wiki, wiki 24. Ukizidisha unapata 2,160,000. Siku ile sikuzidisha. Niliiangalia 90,000 peke yake, nikaona gauni nne za kitenge zinaimaliza.

Mgao wa umeme ukaja juu ya hapo. Wafanyabiashara wa Dar wanaukumbuka mwisho wa mwaka ule: umeme unakatika asubuhi unaingia magharibi, siku nyingine unarudi saa nne usiku mkiwa mmeshafunga. Kinyozi analala kwenye kiti chake, muuza samaki anahangaika na barafu, na mimi nina cherehani mbili mpya zinazong'aa ambazo haziwezi hata kushika kifungo. Nilijaribu jenereta ya kukodi. Petroli ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, na kwa bei ninayoshonea sare ya mtoto wa shule ya msingi hesabu ilikataa katika siku mbili tu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi tunadhani biashara inakufa siku pesa inapoisha. Yangu ilianza kufa siku nilipochukua advansi ya mteja mpya nikalipia rejesho. Mama amekuja na sketi mbili za mwanaye, ametoa 10,000 ya kuanzia, na ile 10,000 inatakiwa iende kwenye zipu, uzi na kitambaa cha mifuko. Nikaipeleka kwa afisa mikopo. Kesho yake nikahitaji zipu, nikachukua advansi ya mwingine. Kila nguo iliyoingia ilikuwa inalipia nguo iliyotangulia, na kila mteja niliyempokea kwa tabasamu nilijua moyoni kwamba simpi tarehe ya kweli. Ukifika hapo, simu ikiita unashtuka. Ukimwona mtu anakuja kwa mbali unaanza kutafuta uongo kabla hajakusalimia. Unachoka mwili mzima na hujashona hata pindo moja. Watu wakikuona wanasema umekata tamaa. Mimi naona tamaa ya kazi ilikuwepo. Kilichonimaliza nguvu ni kujificha.

Shule zilipofungua, sare zilikuwa nusu. Nikafunga fremu.

Aliyenitoa ndani ni mzee anayeshona viatu pembeni ya fremu yangu, chini ya mwembe. Jumamosi mchana alifika nyumbani, sijui aliulizia kwa nani. Nikatoka nimejifunga khanga kichwani kama mgonjwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

"Kidogo tu, baba."

Hakuuliza zaidi. Akatoa kwenye mfuko wa Rambo kipande cha boksi la viatu, kimekatwa vizuri kwa kisu chake, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Wateja waliokuja wakakuta nimefunga, alikuwa anawaandika. Majina hakuyajua, kwa hiyo aliwaandika kwa alivyowaona. "Mama wa sketi mbili, kaja Ijumaa na Jumatatu." "Baba wa pikipiki, kaja mara 3, kakasirika." "Mwalimu mrefu, kasema apone kwanza." "Binti wa baibui, anataka kitambaa chake hata kama hakijashonwa, harusi tarehe 3." Mistari 11 hivyo hivyo, na chini kabisa, kwa mkono ule ule: "Wote nimewaambia unaumwa. Sasa amua mwenyewe."

Nilikuwa nimekaa siku tisa nikiwaona watu wale kichwani mwangu kama kundi moja linalonitukana. Kwenye boksi wakawa mtu mmoja mmoja, kila mmoja na jambo lake, na mengi ya mambo yale yalikuwa yanatengenezeka. Binti wa baibui hakutaka hata nishone, alitaka kitambaa chake tu. Kitambaa kilikuwa kabatini.

Usiku ule nilirudisha laini kwenye simu. Asubuhi nikachukua daftari la watoto, nikaandika ninachodaiwa na ninachodai. Kabla ya kuandika ningekuambia nadaiwa kama milioni tatu. Ilipokaa kwenye karatasi: marejesho 13 yaliyobaki, yaani 1,170,000, duka la vitambaa na vifaa 85,000, na advansi za wale 14. Upande wa pili nilikuwa nadai watu 410,000, nyingine tangu Idd ya mwaka uliopita, na sikuwa nimewadai kwa sababu anayejificha hana uso wa kumdai mwenzake. Deni lilikuwa kubwa, silipunguzi. Lakini lilikuwa na mwisho, na lile la kichwani halikuwa nao.

Kisha nikapiga simu. Hapa kuna ushauri ambao ningependa uushike kuliko yote: anza na mtu ambaye jambo lake ni dogo. Usianze na yule mkali ukidhani unameza dawa chungu kwanza. Ukianza na mkali akakutukana, utaizima tena. Nilianza na binti wa baibui. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nilikwama, sikuumwa. Kitambaa chako kipo, njoo saa nne ukichukue, na advansi yako nakurudishia leo." Akasema, "Sawa dada, ungeniambia tu." Wa pili alikuwa mwalimu. Nilipofika kwa mtu wa tatu sauti yangu ilikuwa imerudi. Moyo ulikuja nikiwa kwenye simu ya tatu. Ningeusubiri uje kwanza ndipo nipige, ningekuwa chini ya lile shuka mpaka Februari.

Katika wale 14, tisa walikubali kusubiri tarehe mpya. Watatu walitaka kitambaa au pesa yao. Baba wa pikipiki alinisema vibaya sana, nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mwanaye alienda shule na kaptura ya mwaka jana. Mmoja hakupokea.

Tarehe nilizotoa safari hii zilikuwa ndefu kuliko nilivyohitaji. Kama nguo ni ya siku mbili, nilisema tano. Mtu uliyemwangusha mara moja anaweza kukusamehe, ila ukimwangusha mara ya pili kwa sababu ulitaka kumfurahisha, huyo amekwenda. Nilikodi cherehani ya miguu kwa fundi mstaafu hapo hapo Tandika, nikauza moja ya zile za umeme kwa hasara, na nikarudi kukanyaga kama nilivyoanza. Umeme ukikatika mguu haukatiki. Mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuzalisha umeme Februari ile na mgao ukapungua taratibu, mimi nilikuwa nimeshamaliza sare zote kwa miguu.

Kwa afisa mikopo nilienda mwenyewe, kabla hajaja na watu wake. Nilibeba daftari. Nikamwonyesha ukurasa, nikamwambia 90,000 siiwezi, 50,000 naiweza kila Ijumaa bila kukosa. Akaongeza faini ya 80,000, tukaandikishana wiki 25. Sikuipenda ile faini. Nilimaliza Julai 2024, na Ijumaa moja tu nilichelewa, ya mafuriko ya Aprili, nikampigia asubuhi kumwambia nitalipa Jumamosi. Tunasema dawa ya deni kulipa, na ni kweli, ila anayekudai anataka kwanza akuone.

Mama mmoja tunayesali naye alikuwa anauza mbegu za mboga Soko Kuu la Kariakoo, lile lililoungua usiku wa Julai 10, 2021. Ananisimulia kwamba asubuhi yake hakuwa na hata pakiti moja ya mchicha, lakini alikaa barabarani na simu yake, akiwapigia wakulima wake mmoja mmoja: nimeunguliwa, nikipata pa kukaa nitawaambia. Alipopata meza sehemu nyingine walimfuata. Nilikuwa nimemsikia akisimulia haya zaidi ya mara moja kabla ya Januari yangu, na sikuelewa alichokuwa ananifundisha.

Mambo mawili mengine, kwa ufupi. La kwanza ni kijumbe. Siku hizi tukipanga namba za kupokea, siombi namba ya mwanzo. Mafundi tunajua miezi yetu: kuna Januari ya sare, kuna harusi za kabla ya Ramadhani, kuna Idd, halafu kuna miezi ambayo unafagia fremu, unakaa, unafagia tena. Naomba namba itakayoangukia mwezi huo wa kufagia, na pesa ile hainunui kitu cha nyumbani, inakwenda kwenye kodi ya fremu. Moyo wa mtu mwenye kodi iliyolipwa ni tofauti kabisa. La pili, mwambie ukweli mtu mmoja nyumbani. Mmoja anatosha. Mimi nilimwambia dada yangu, akaja kukaa na watoto wiki mbili ili nishone usiku.

Na sitaki nikudanganye kwamba kila biashara lazima iendelee. Kama umeandika hesabu yako kwa ukweli, msimu umekuja na umepita, na fremu haijaweza hata kujilipia kodi yenyewe, kuifunga si aibu. Ila ifunge kwa mlango: waite wateja wachukue vyao, lipa msaidizi wako, muage mwenye nyumba, bandika namba yako ukutani. Nimewaona waliofunga hivyo wakarudi mwaka uliofuata na meza ndogo, na wateja wale wale wakawarudia. Waliotoweka usiku walilazimika kuhama mtaa.

Yule mmoja ambaye hakupokea simu alikuwa mama wa sketi mbili. Nilipiga siku nne. Nikamtumia ujumbe, nikarudisha 10,000 yake kwenye simu yake, ikaonyesha imepokelewa, hakujibu. Sketi nilizimaliza hata hivyo, zipo kwenye hanga nyuma ya mlango, na karatasi yenye vipimo bado nimeibana kwa pini. Zilikuwa za mtoto anayeanza darasa la kwanza, kwa hiyo sasa zimeshamkataa. Mama akipita Tandika akaziona azichukue tu, hata kama ni kwa mdogo wa mtoto yule.