Turbo kubwa kwa Forester

SWALI: Fundi, salamu. Nina Subaru Forester yenye injini EJ205 na turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya kiwandani, ile ndogo ya TD04. Rafiki ananishauri nifunge turbo kubwa, GT3582. Gari naendea nalo kazini Nairobi kila siku. Nifunge? — Msomaji, Ruiru

JIBU: Usifunge, kijana wangu. Kwa injini ya lita 2, utakanyaga mafuta na kungoja mizunguko ya injini ipite 4,000 kwa dakika ndipo gari livute. Kwenye foleni utafika huko lini?

Lakini TD04 nayo inalemewa, hasa Nairobi. Hewa ya huku juu ni nyepesi, presha yake kama baa 0.82 (baa ni kipimo cha presha). Ukitaka baa 1 kwenye geji, yaani juu ya presha ya hewa ya nje, kompresa (upande wa turbo unaobana hewa) izidishe presha hiyo ya nje mara 2.2, Mombasa ni mara 2 tu. Turbo ndogo itazunguka kupita kiasi na kupuliza hewa ya moto.

Mimi ningefunga turbo ya kati, TD05 16G. Inaamka mapema, na pumzi inayo. Ila hewa zaidi hudai petroli zaidi, kwa hiyo kwanza injekta kubwa (za kunyunyizia petroli), pampu ya petroli, kisha kompyuta ya injini ipangwe upya. Pistoni za EJ hazisamehe petroli ikipungua. Fundi akisema afunge turbo leo, kompyuta mwezi ujao, chukua funguo zako uondoke.