Yule gorila wa roboti si wa Virunga
Hapana ndugu, mnaosema ile video ya roboti yenye umbo la mtoto wa gorila, iliyowekwa kati ya gorila ili kuwarekodi, ni ya hapa kwetu: haikuchukuliwa Virunga, hifadhi yetu ya mashariki mwa Kongo. Ilichukuliwa Uganda, kwa ajili ya Spy in the Wild, kipindi cha BBC kinachorekodi wanyama kwa roboti zinazofanana nao, mfululizo wa pili, 2020. Watu wanachanganya kwa sababu ni gorila wa milimani walewale, na hifadhi yetu inapakana na Uganda.

Kamera nayo iko ndani ya jicho la roboti, si kifuani kama wengine wanavyodhani. Hayo macho ndiyo kazi kubwa: yanageuka upande, na kope zinafunga. Kwa gorila, kumkazia macho ni kumchokoza. Huku kwetu Kivu, upande wa Virunga, waongoza wageni wanakuambia hivyo kabla hamjaingia msituni: dume la mgongo mweupe likikukaribia, inama, tazama chini, usikimbie. Roboti yenye macho yaliyoganda ingeweza kulikasirisha. Hii ilitazama pembeni, wakaizoea, ikanasa hata zile sauti wanazotoa wakila, kama wanaimba. Sehemu hiyo ni nzuri sana, itazameni.

Ila kuna aliyeandika kwamba roboti inamaliza hatari ya watu kuwaambukiza gorila magonjwa; hapana. Haipumui, kweli, lakini imeshikwa na mikono ya watu, na wanaoiendesha wako hapo karibu. Gorila wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, ndiyo maana Virunga mgeni anavaa barakoa. Roboti kama hiyo lazima isafishwe vizuri kabla mtoto wa gorila hajaigusa.