Kabati la stirio: la kiwandani au la fundi?

SWALI: Katika soko la Kibuye, Kisumu, nimeonyeshwa kabati la stirio linalosemekana ni la kiwandani, la miaka ya 1970. Nitalitambuaje?

JIBU: Ligeuze kwanza. Tafuta kibandiko au mhuri wa modeli kwenye ubao wa nyuma. Kisha pima ndani. Amplifaya nyingi za nyumbani zina upana wa sentimita 43 hivi, kwa hiyo nafasi ya 44 hadi 46 inaleta maana. Ukikuta reli za chuma zenye matundu, za kufungia vifaa vyenye paneli ya mbele ya upana wa milimita 482.6, hiyo ni raki ya studio, yaani fremu ya kupangia mitambo ya studio, si kabati la nyumbani.

Sasa piga magoti ukague kingo za chini. Chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ikinyonya maji huvimba, skrubu zikalegea, wala haipoi ikikauka. Lililovimba liache, hata liwe la kiwandani kweli.